Magunia ya Chumvi na Rekeni wa Sita

Vijana wangu, kabla hamjatia samaki wawili ndani ya maji mamoja, pimeni mdomo. Achaneni na rangi kwanza. Pima mdomo wa yule mkubwa, halafu pima mwili wa yule mdogo, na kama mwili unaenea mdomoni, jua siku moja utaingia. Haijalishi wamekaa mwezi mzima kwa amani na wewe umeshaanza kujisifu kwa majirani. Mimi nimewahi kumkuta sangala asubuhi, mkia wa mwenzake unatoka mdomoni, naye ananitazama tu, hana habari.

Ninawaandikia kwa sababu mlikuja kwangu Jumapili, wanne ninyi na simu zenu, mkanionyesha picha za mabaseni ya vioo ya watu wa mbali, samaki wakubwa wa meno wanazunguka sebuleni, mkasema mnataka kuianza kazi hiyo hapa Uvira. Niliwapa chai, nikawajibu maneno mawili matatu, nikanyamaza. Mlidhani nimechoka. Sikuchoka hata kidogo! Nilikuwa nimejaa maneno mpaka shingoni, na mimi nikianza kusema habari za samaki mikono yangu huruka, ningewavunjia vikombe vyangu mwenyewe. Nikaona afadhali niandike.

Basi, kwa asiyenijua, mimi ni Mama Sifa. Nilifanya kazi miaka ishirini na zaidi katika nyumba ya samaki hai, upande wa Kalundu. Hatukuuza samaki wa kula. Wazamiaji waliwatoa ziwani wakiwa wazima, sisi wanawake wa mabaseni tukawapokea, tukawatenga, tukawalisha, tukawatibu, kisha wakafungwa katika mifuko yenye hewa na kupitia Bujumbura kwenda kwa watu ambao sitawaona. Kazi yangu ilikuwa kuamua nani akae na nani. Waliniita jaji. Na leo nataka kuwaeleza jinsi jaji huyo, mwenye sifa zote hizo, alivyokaribia kulitia ziwa letu samaki mgeni ambaye tusingeweza kumtoa tena.

Tukubaliane jina kwanza. Vitabuni yule samaki wa baharini mwenye meno huitwa papa. Lakini kwetu papa ni baba mtu, na mwenye baseni katika habari hii anaitwa Papa Neema, kwa hiyo samaki nitamwita rekeni, kama tunavyosema Uvira kwa kufuata Kifaransa. Tusije tukamtumbukiza mzee wa watu majini.

Lakini siwezi kuanza na Papa Neema. Lazima nianze na Mzee Lubunga, maana ndiye aliyenifundisha, na ndiye ninayemwonea haya mpaka leo.

Mzee Lubunga alikuwa mzamiaji, mfupi, kifua kipana, masikio yameharibiwa na maji. Ukiongea naye unapiga kelele, yeye anakujibu taratibu. Kitu alichokithamini kuliko mshahara wake kilikuwa kamba ya mafundo. Sikilizeni vizuri hapa. Samaki wa kilindini, kama yule tuliyemwita Nundu kwa sababu ya kipaji chake kilichotokeza na ile mistari myeusi ya mwilini, ana mfuko wa hewa tumboni. Kule chini maji yanaubana. Ukimvuta juu kwa mara moja mfuko unavimba, macho yanatoka, samaki anaelea tumbo juu. Kwa hiyo anatiwa katika kikapu chenye jiwe, kikapu kinafungwa kwenye kamba, na kila siku mnakipandisha fundo moja. Moja tu! Siku nyingine mnasubiri palepale, mnaimba, mnarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka wangu wa kwanza mimi nilikuwa hodari, yaani mjinga mwenye nguvu. Mzigo ulikuwa unangojewa, mafundo mawili yalikuwa yamebaki, Mzee alikuwa msibani. Nikamchukua mpiga kasia, tukaenda, nikavuta. Nilivuta kwa furaha kabisa, nikijiona nimeokoa kazi. Kikapu kilipotokea juu, samaki wote walikuwa wamevimba, mmoja anazunguka ubavuubavu. Nililia palepale ndani ya mtumbwi. Mzee aliporudi hakunitukana. Alikishusha kikapu mwenyewe.

"Samaki ya chini haina haraka, mama," akasema. "Haraka iko yako weye."

Siku hizi mnaniambia kuna wanaotoboa ule mfuko kwa sindano, samaki anapanda siku hiyohiyo. Najua, nimeona. Mkono ukiwa mzuri inawezekana, sikatai, mimi siyo wale wazee wanaotukana kila kipya. Lakini mkono mbaya wenye sindano unaua kuliko nilivyoua mimi kwa kamba.

Samaki wa mwisho aliyepandishwa na Mzee Lubunga kabla hajaacha kuzamia alikuwa Nundu dume, mkubwa, mwenye pezi la mgongo lililochanika. Kwa sababu ya pezi hilo wanunuzi walimkataa. Akabaki kwetu mwaka baada ya mwaka, nikimhamisha baseni hili kwenda lile, mpaka akanijua kwa hatua zangu. Mzee alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, nilikwenda kumwona, akaniuliza habari za yule samaki kabla ya kuniuliza za watoto wangu.

"Siku weye utaacha kazi, umurudishe," akaniambia. "Umushushe fundo kwa fundo. Asikufie mu baseni."

Nikamwahidi. Nikachukua na kamba yake, mke wake alinipa.

Sasa ndiyo tuje kwa Papa Neema. Alikuwa mfanyabiashara wa saruji na magodoro, mcheshi, mwenye mkono mpana, na alikuwa amejenga nyumba Kilibula, ukuta wake unapakana na ziwa. Mwaka niliokuwa naacha kazi alinijia akiwa na karatasi iliyochorwa. Alitaka baseni sebuleni, upande mmoja kioo, pande tatu saruji, urefu wa kamio, lori zima. Vijana, nilipoiona karatasi ile moyo ulinienda mbio! Miaka yote nimepanga samaki katika mabaseni ya kufulia nguo, leo mtu ananiletea bahari ndogo na kuniambia nichague wakaazi wake.

"Minye nataka rekeni," akasema. "Rekeni ya kweli, ya meno. Na ingine samaki mukubwa mukubwa."

"Rekeni iko ya mu bahari, Papa Neema. Huku maji iko tamu. Itakufa."

"Sababu ya chumvi tu?"

"Sababu ya chumvi."

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata nilimkuta nyumbani kwake anapakua magunia kumi na mawili ya chumvi ya jikoni. Kumi na mawili! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba maji ya bahari ni zaidi ya chumvi ya kupikia mboga ya sombe, na kwamba rekeni wa kweli anataka maji hayohayo kila siku ya maisha yake, pompi isizimike hata kidogo, na Uvira umeme ni mgeni anayekuja anapotaka. Magunia yakaingia stoo, nyuma ya magodoro, yakasahaulika. Yakumbukeni ninyi.

Lakini mtu aliyekwisha kuota haamki kwa maneno. Mwezi haukuisha, mtu wa kwenye simu akamuuzia "rekeni wa maji baridi". Wakafika sita katika mfuko wa hewa, wamepitia nchi mbili, kila mmoja wa urefu wa kidole, wa rangi ya fedha, pezi la mgongo limesimama kabisa kama la rekeni. Papa Neema alikuwa anarukaruka. Mimi nikainama nikawatazama usoni.

"Papa Neema, hii iko na ndevu."

"Sasa?"

"Rekeni gani iko na ndevu? Hii iko kambare. Kambare ya mbali."

Na kweli walikuwa kambare wa Asia, ambao wauzaji wa samaki wa mapambo huwapa jina la rekeni kwa sababu ya umbo lao. Nawaambia tabia zao ili msidanganywe. Wanakua mpaka kumpita mtoto wa shule kwa urefu. Hawapendi kukaa peke yao, wanataka wenzao. Na ni waoga! Mlango ukigongwa wote wanakimbia kwa pamoja na kujigonga kwenye kioo. Ukiwa na samaki wa namna hiyo, usimpe jirani mkorofi, na juu ya baseni funika wavu, kwa sababu wanaruka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Jaji alikuwa na kesi nyepesi kuliko zote: samaki si wa ziwa hili, nyumba iko mita chache kutoka ziwani, basi arudi alikotoka. Sikusema. Nililitaka baseni lile, vijana. Nilitamani nilione limejaa kabla sijazeeka kabisa. Nikajiambia samaki hawa hawatatoka humu.

Nikaanza kuchagua wenzao, na Mungu anisamehe, nilifurahi kila siku ya kazi ile. Sangala nilimkataa kwa mdomo wake. Kambare wa umeme nilimkataa, maana angewapiga wote shoti, na mimi mwenye kusafisha vilevile. Niliwachukua kuhe wawili, dume na jike, wakubwa, wa manjano ya udongo, wasioonewa na mtu na wasiomwonea mwenye mwili kama wao. Niliwapa mawe upande mmoja ili wakitaka kutaga wawe na kwao, kwa sababu kuhe mwenye mayai anageuka askari. Rekeni wangekaa katikati, penye nafasi ya kukimbia. Upande wa giza, kwenye mawe marefu, palikuwa pamebaki wazi.

Mnajua nilimtia nani pale. Nilimtia Nundu wa Mzee Lubunga.

Nilikuwa nimeacha kazi wiki hiyohiyo. Kamba ilikuwa nyumbani kwangu, imekunjwa. Nikajiambia, acha akae kidogo mahali pazuri, nitamrudisha mwakani. Watu wote walimsifu yeye kuliko rekeni. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo kile najisikia kama bibi harusi.

Na kosa kubwa kuliko yote nililifanya kwa penseli. Baseni lilipokuwa linajengwa, Papa Neema aliniuliza maji yataingia na kutoka vipi. Sikufikiri hata dakika. Nikachora tuyo, yaani bomba, la kuvuta maji ziwani na tuyo la kuyarudisha ziwani, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazini miaka yote: tunachota ziwani, tunamwaga ziwani, samaki ni wa ziwa, maji ni ya ziwa, hakuna dhambi. Mkono ulizoea. Sikukumbuka kwamba safari hii ndani ya maji yale kulikuwa na wageni, na kwamba kila tone walilooga lilikuwa linakwenda kwa samaki wetu wa kula, mukeke na ndakala, na ugonjwa wao kama walikuwa nao. Niliweka chujio, nikajisifu kwa chujio.

Mwaka ukapita. Kila Jumatano nilikwenda kuwaangalia. Nilimfundisha mke wa Papa Neema kugonga ndoo mara tatu kabla ya kumwaga chakula, ili samaki waje wenyewe siku wakihitajiwa. Hilo lishikeni, litawaokoa. Nilimfukuza mgeni mmoja mlevi aliyekuwa anawatupia brosheti, mishikaki ya mbuzi. Nundu akila mafuta ya nyama tumbo linamvimba na kumuua, na mgeni yule alinijibu eti samaki naye anataka Noeli. Rekeni walikua, jamani! Kutoka kidole wakafika mkono mzima, kiganja mpaka kwapa.

Halafu ziwa likapanda. Mnakumbuka wenyewe, lilivyokula barabara na nyumba za watu. Kilibula maji yalifika kwenye ukuta wa Papa Neema yakakaa hapo wiki nyingi. Nikamwambia awatoe rekeni. Akasema baada ya harusi. Binti yake Neema alikuwa anaolewa, na jamaa wote kutoka Luvungi na Bwegera walikuwa wameahidiwa kuona rekeni. Nikamwambia mara ya pili, akasema baada ya harusi. Mara ya tatu sikumwambia, na hilo nalo liandikwe kwangu.

Siku ya harusi nilifika saa moja asubuhi. Misa na karamu vilikuwa juu, kwenye parokia, lakini bibi harusi alikuwa anavalia nyumbani. Usiku upepo wa kusini ulikuwa umesukuma mawimbi, na nilipofungua geti la barabarani nikakuta uani maji ya magoti. Mlango mdogo wa kuelekea ziwani, ule wa chuma, komeo lake lilikuwa limevunjika, unafunguka na kujifunga na kila wimbi. Sebuleni maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Wanawake wa ukoo walikuwa wameinua sufuria juu ya matofali wanapika huku wanacheka, wote wamevaa kitenge kimoja, cha manjano chenye ndege wa buluu. Watu wetu wakiamua kumwozesha binti, ziwa haliwazuii.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye baseni. Wavu wa juu haukuwepo! Mpiga picha alikuwa ameuondoa, eti unaharibu picha. Nilikuwa ndiyo naufungua mdomo wangu, na barazani vijana wa kwaya, waliokuja kumsindikiza bibi harusi, wakajaribu spika zao.

Mlio mmoja tu, buum!

Rekeni wote sita walikimbilia kioo, wakajigonga, wakageuka, na mmoja akapanda hewani. Nilimwona mzima mzima juu ya ukingo, fedha tupu. Akaanguka sebuleni, akapita chini ya kiti, akatoka kwa mlango wa baraza, akaingia uani.

Nilipiga kelele ambayo sikuipiga hata siku za kujifungua.

"Mulango! Mufunge mulango ya ziwa!"

Papa Neema alitokea katika suti yake, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Mama Sifa, iko samaki moja tu. Ziwa iko mukubwa. Moja itafanya nini?"

"Leo moja, kesho sita, maji iko napanda! Unajua kama haina mayai? Unajua ilikuja na ugonjwa gani? Bantu ba Uvira banakula juu ya hii ziwa, Papa Neema! Minye njo nilichora ile tuyo. Minye njo nilikubali. Ikipita pale, haitarudi hata tulie."

Alinitazama. Akautazama ule mlango unaopigapiga. Na hapo namsifu, maana wengine wangeniita mzee mwenye wazimu. Alivua koti akalitupa juu ya jenereta.

"Chumvi!" akasema. "Mulete ile chumvi!"

Akaingia stoo mwenyewe, akatoka na gunia begani, wakwe zake nyuma yake na mengine. Wakaubana mlango kwa magunia, moja juu ya jingine, kumi na mawili, mpaka pengo lote likafungwa. Nikashusha pumzi. Nikaanza kushukuru. Halafu nikayatazama maji miguuni mwa magunia, nikakumbuka ni chumvi.

Ilikuwa inayeyuka! Ukuta wetu ulikuwa unaondoka huku tukiutazama. Kuleta mchanga kungechukua nusu saa, na nusu saa hatukuwa nayo.

"Iko wapi? Nani naiona?" nikauliza.

"Iko pale!" Sauti ilitoka juu. Neema, gauni jeupe limekusanywa mikononi, alikuwa amesimama juu ya meza ya barazani, na kutoka pale aliona kila msukosuko wa maji. "Iko karibu na mulango! Mama Sifa, iko naenda kwa mulango!"

Tukaona pezi. Lilikwenda moja kwa moja mpaka karibu na magunia, hatua mbili tu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua lilikuwa limegeuka. Vijana, samaki wa maji matamu alikutana na maji ya magunia yale, makali kuliko bahari yenyewe, akakimbia nyuma kama aliyechapwa. Chumvi iliyoshindwa kutuletea rekeni ilikuwa inatuzuilia rekeni.

Lakini ingekwisha. Magunia ya chini yalikuwa yamefika nusu.

Shangazi Nabintu ndiye aliyetuokoa, dada mkubwa wa Papa Neema, mwanamke mzito mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo.

"Ninyi bote mulizaliwa hapa kwa ziwa ao mulizaliwa mu mulima?" akafoka. "Mutoe bikwembe!"

Wanawake wakaelewa mara moja. Nani kati yetu hakuvua ndakala wadogo kwa kitenge cha mama yake akiwa mtoto? Kila mmoja alikuwa na vitenge viwili kiunoni. Wakafungua vya juu, wakavifunga ncha kwa ncha, sita kwa pamoja, na wakajipanga kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, migongo kwenye chumvi, miguu ikikanyaga upindo wa chini ili samaki asipite. Nami nikashika katikati. Tukaanza kutembea.

"Hii yangu iko mupya!" mmoja akalalamika.

"Utafua!"

"Iko kwa sufuria!" Neema akaita kutoka juu. "Hapana, imetoka! Iko mu kona ya jiko! Mama Sifa, kushoto!"

Tulikwenda polepole. Kila mtu alitaka kukimbia, nikasikia sauti ya Mzee Lubunga kichwani, nikawaambia hatua moja, tusimame, hatua nyingine, tusimame. Samaki mwoga ukimkimbilia atakupita juu ya kichwa. Tukamfikisha kwenye pembe ya jiko, kati ya ukuta na mtungi, kitenge kikajipinda kumzunguka, naye akalipuka. Maji yalitujaa machoni. Mkia ulinipiga shavuni. Nilisikia kitambaa kinachanika, nikajua amepita.

Hakupita. Shangazi Nabintu alikuwa amemkalia! Alijiachia mzima mzima majini, kitenge na samaki chini yake, mwiba wa pezi ukamchoma, akapiga ukelele hadi kwaya ikajibu, lakini hakuinuka.

"Muvute kwanza samaki," akasema, macho yamemtoka. "Minye mutaniinua baadaye."

Tulicheka na kulia kwa pamoja. Nilimkumbatia yule samaki katika kitenge na kuhesabu kwa sauti, huyu mmoja, watano ndani. Nyuma yetu magunia ya chini yakabaki matupu, ya juu yakaanguka.

Papa Neema alikuwa amelowa mpaka kifuani. Hakungoja nimwambie.

"Toa yote," akasema. "Yote, Mama Sifa."

Kwa watano waliobaki haikuwa kazi. Niligonga ndoo mara tatu, wakaja, nikawateka kwa wavu mmoja mmoja. Nikaziba lile tuyo langu la kutolea maji kwa matambara na saruji, mikono yangu mwenyewe. Kuhe nao waliingia sufuriani siku ileile, na kwa hao sikusikia aliyehuzunika, kuhe ni kuhe. Mnajua mgeni siku mbili. Hawa rekeni sita walikuwa wamekaa mwaka. Walipikwa kwa mawese na pilipili, na chumvi, hakuna aliyelalamika kwamba imepungua. Ukumbini Papa Neema alishika maikrofoni akatangaza kwamba wageni wake wamekula rekeni. Watu wakapiga makofi mpaka Neema akajificha nyuma ya mumewe. Mzee mmoja wa Bwegera, aliyekuwa analamba vidole, akasema rekeni ana utamu uleule wa kambare. Nikainama nikacheka ndani ya sahani yangu.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi.

Lakini baseni lilikuwa limebaki na mmoja, upande wa giza, kwenye mawe marefu. Kesho yake nilikwenda kumchukua na pipa, na kamba ya mafundo begani. Nikamtia pipani, nikatoka naye hadi ukingoni, mpiga kasia alikuwa amenisubiri. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, miguuni mwangu, halikuhitaji hata kufuatwa. Nikainua mfuniko wa pipa, Nundu akaja juu kunitazama, anazijua hatua zangu. Nikafikiri, sasa, Mzee, sasa ninatimiza.

Halafu nikakumbuka maji. Mwaka mzima alikuwa amekunywa maji ya wageni wale. Walikuja na nini katika ngozi zao, katika mashavu yao? Sikujua, na hapa hakuna wa kunipimia. Jana nilikuwa nimepigania samaki asipite mlangoni, leo nimshushe mwingine aliyelala naye nyumba moja, eti kwa sababu huyu ni wangu? Mpiga kasia aliniuliza kama tunaenda. Nikafunika pipa, nikasema hapana.

Kwa hiyo, vijana, mkinijia tena na picha zenu, nitawapa chai na nitawajibu yote, midomo na mawe na ndoo na wavu, kwa furaha, kwa sababu kazi hii naipenda mpaka leo na ninyi mmeniamsha usingizini. Lakini kabla hamjaniuliza nani akae na nani, mtanijibu kwanza maji yake mnamwaga wapi.

Mlipokuja Jumapili hamkwenda nyuma ya nyumba. Kuna baseni la saruji pale, chini ya kivuli, mbali na ziwa, na maji yake ninamwagia mboga zangu za lengalenga. Nundu yumo. Amezeeka, nundu yake imekuwa kubwa, na ananifuata nikipita. Juu yake, kwenye msumari, nimetundika kamba ya Mzee Lubunga. Sijafungua hata fundo moja.